Nyumba Isiyovuja

Nchi ninayoisimulia ni yetu, na ina jina zuri tu. Silitaji kwa sababu niliomba kibali cha kulitaja mwaka juzi, na barua yangu bado inazunguka kwenye ofisi zinazohusika. Msomaji aivumilie nchi hiyo hivyo hivyo, kama tunavyoivumilia sisi.

Mimi ni karani wa mafaili katika Wizara ya Mvua. Nasema mapema msije mkadhani ni wizara ndogo. Tuna jengo la ghorofa saba, tuna wimbo wetu, tuna Siku ya Pipa Kitaifa, na kwa miaka kumi tumewahimiza wananchi wavune maji ya mvua kwenye mapaa yao. Tumechapisha mabango. Tumegawa fulana zenye picha ya wingu linalotabasamu. Tumefanya semina ya wiki mbili juu ya umuhimu wa kufupisha semina. Kitu pekee ambacho wizara haikuwa nacho ni maji. Mabomba ya jengo letu yalikauka kabla sijaajiriwa, na mapipa yote ya kuvunia mvua yalikuwa kwenye maonyesho.

Paa nalo lilikuwa linavuja. Naomba nieleweke vizuri: kwenye mafaili lilikuwa halivuji. Lilikuwa limetengenezwa mara tatu, na ripoti zote tatu nimezipanga mwenyewe kwa tarehe. Lakini mvua ya nchi yetu haisomi mafaili. Ikinyesha kidogo, ghorofa ya saba ilivuja. Ikinyesha sana, tulifunika kompyuta kwa yale mabango yetu ya kuhimiza uvunaji.

Aliyetuokoa ni Bi Mwantumu, mfagizi wetu, mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo watu huitii bila kujua kwa nini. Hakuhudhuria semina hata moja, maana wakati wa semina ndipo alipokuwa akisafisha vyoo vya wanasemina. Alikusanya ndoo, madebe na mabeseni kumi na manane, akayapanga chini ya matundu yote. Maji ya kwanza, yaliyoshuka na vumbi na uchafu wa popo, aliyamwagia maua ya getini. Yaliyofuata alidekia sakafu. Ya kudekia hayakupotea, aliyapeleka chooni. Nchi nzima hapakuwa na mtu aliyevuna na kutumia mvua ndani ya jengo kama yule mama, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Alidhani anafanya usafi.

*

Mwezi wa nne Ikulu ilituandikia barua kwamba Mtukufu Rais angefanya ziara ya kushtukiza wizarani kwetu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Tulipewa wiki mbili za kujiandaa kushtuka. Katibu Mkuu wetu, Bwana Machupa, aliunda kamati. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, nyasi zikapakwa rangi ya kijani, na sisi watumishi tukafanya mazoezi ya kushtuka mara mbili kwa siku, warefu nyuma, wafupi mbele.

Nimweleze kidogo Bwana Machupa. Ni mtu wa tumbo na tai fupi, na tangu azaliwe hajawahi kumpa mkubwa wake habari mbaya. Ndiyo sababu alipanda cheo haraka. Wala msimlaumu yeye peke yake, maana kwetu sote ndivyo tulivyolelewa: mgeni mkubwa akija, haonyeshwi ubovu wa nyumba. Kumwambia paa linavuja ni sawa na kumpakulia wali halafu ukamwambia umeungua. Mgeni anaambiwa karibu, anasifiwa viatu, anarudi kwake.

Siku ilipofika tulishtuka vizuri sana. Wawili walizimia, ingawa mazoezini tulikubaliana azimie mmoja. Kisha mvua ikaanza, na Mtukufu Rais akasema anataka kuiona vizuri kutoka ghorofa ya saba. Kamati haikuwa imepaka kitu chochote kule juu. Alipanda ngazi zote kwa miguu, sisi nyuma, na alipofungua mlango akasimama. Mbele yake kulikuwa na vyombo kumi na vinane, na kila kimoja kilikuwa kinalia ti, ti, ti.

"Hivi ni vitu gani?" akauliza.

Bi Mwantumu alikuwa amechutama pembeni na tambara lake. Akasimama kwa heshima. "Ni ndoo, Mtukufu. Paa hili lina…"

"Lina mfumo," akadakia Bwana Machupa.

Rais akamgeukia. Bwana Machupa akavuta pumzi na kukaza tai.

"Mtukufu, unachokiona ni Mfumo wa Uvunaji wa Moja kwa Moja. Mataifa mengine bado yanahangaika na mifereji ya nje na mapipa ya nje. Wizara yako ikajiuliza: kwa nini mvua ya wananchi ipite nje ya nyumba ya mwananchi kama mgeni asiyekaribishwa? Tukaamua kuifungulia mlango."

"Mlango wenyewe uko wapi?"

"Juu, Mtukufu. Ni yale matundu."

Rais akainua uso. Tone likamdondokea puani. Akalipangusa kwa kidole, akalitazama kwa muda mrefu.

"Limenifikia lenyewe," akasema taratibu. "Bila bomba."

"Bila bomba, Mtukufu. Bila mfereji. Bila hata kuamka kitandani."

Rais akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kalamu. "Wewe karani, matundu haya nani aliyatoboa?"

Nilizikumbuka zile ripoti tatu. Nikamtazama Bwana Machupa. Jasho lilikuwa linamtoka kwa wingi kuliko maji ya paa. Nikamtazama Bi Mwantumu, naye alikuwa ananitazama, anasubiri niseme. Nikajibu, "Ni wizara, Mtukufu." Naona aibu mpaka leo. Wakati ule niliona nimekuwa na adabu tu.

*

Wiki hiyo hiyo ikatangazwa Operesheni Toboa. Kila jengo nchini lilitakiwa liwe na tundu moja kwa kila hatua nne, na tundu liwe la mviringo, kwani tundu la pembe nne lilihesabiwa ni uhujumu. Kulala pakavu kukaitwa ubinafsi. Jina la wizara likarefushwa kuwa Wizara ya Mvua na Matundu, na Bwana Machupa akavishwa nishani yenye tundu katikati.

Shule zikatobolewa, mahakama zikatobolewa, mahakimu wakawa wanasoma hukumu chini ya miavuli. Bungeni mbunge mmoja aliuliza wananchi walale wapi. Spika alimwambia alete swali kwa maandishi. Akalileta, likalowa, likaondolewa kwa kuwa halisomeki. Rais mwenyewe, kuonyesha mfano, alitoboa paa la Ikulu matundu arobaini kwa mkono wake. Kesho yake akalihutubia taifa akipiga chafya, na kila chafya ilipigiwa makofi.

Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wamefuata mabango yetu ya miaka kumi. Walikuwa wameweka mifereji ya bati pembeni mwa mapaa, ile ambayo mafundi huiita gata, na matangi ya kupokelea. Gata zao zikang'olewa. Tangazo la redio lilisema maji yanayopita nje ya nyumba ni maji yanayomkwepa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anayekwepwa na maji naye ana jambo analoficha.

Uvunaji wenyewe, nikisema kweli, ulikuwa hafifu. Maji ya mvua ya kwanza huosha paa, yanashuka na kutu na vinyesi vya ndege, na hayo yanatakiwa yamwagwe. Sasa utayamwagaje wakati yameshaingia kwenye godoro? Unga uliganda, watoto walikohoa, na asubuhi baba mwenye nyumba alijikwaa kwenye ndoo na kumwaga mavuno yote ya usiku. Nyumba yangu ilipata matundu tisa. Mke wangu, Mama Tunu, alihamisha godoro kona hadi kona siku tatu. Siku ya nne, huku akikamua shuka, akasema, "Baba Tunu, mimi niliolewa na karani. Sikuolewa na wingu."

*

Baada ya miezi mitatu ramani ya Bwana Machupa ilikuwa imejaa vidoti vyekundu, isipokuwa sehemu moja. Nyumba moja nchi nzima ilikuwa haijatobolewa. Watoboaji wa operesheni walipita hapo mara mbili na kila mara mwenye nyumba alikuwa kazini, wizarani, akideki. Tukaenda Bwana Machupa na mimi, nami nilibeba fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na swali moja tu, "Nyumba hii inavuja?", na visanduku viwili vya kuweka alama.

Nyumba ya Bi Mwantumu ilikuwa ndogo, vyumba viwili na baraza. Lakini nilisimama nikaitazama kama mtu aliyeona chakula. Bati zilikuwa zimelala sawasawa. Gata zilizunguka pande zote mbili, zimeinama kidogo tu ili maji yasisimame. Zilishukia kwenye bomba lenye kizibo chini, cha kumwagia maji ya kwanza, ndipo yaliyo safi yaingie kwenye tangi la saruji lenye mfuniko na wavu wa kuzuia mbu. Maji ya kuoshea vyombo yalipita kwenye mfereji mdogo hadi kwenye mchicha. Majirani watatu walikuwa wamepanga foleni bombani na madumu, maana maji ya kwao yalikuwa na rangi ya chai.

Bwana Machupa akaingia ndani, akasimama katikati ya chumba, akainua uso na kufungua mdomo. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Akasubiri dakika tano.

"Mama," akasema, "nyumba yako haivuji."

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Mwantumu.

"Hilo si la kushukuru. Mvua inaingilia wapi?"

"Haiingii, baba. Inapita kwenye gata, inakwenda tangini."

"Na wewe wakati huo uko wapi?"

"Ndani, nimelala."

"Yaani mvua ya taifa inahangaika nje peke yake, na wewe umelala."

Bi Mwantumu akaenda ukutani, akatuonyesha bango letu, lile la zamani, la wingu linalotabasamu. "Haya si mliyasema ninyi? Marehemu mume wangu, Shomari, alilifuata hili bango picha kwa picha."

"Bango hilo lilishafutwa," akasema Bwana Machupa. "Wingu lile liliachishwa kazi."

Ndipo Bi Mwantumu akatueleza, bila kupandisha sauti. Mumewe alikuwa fundi bati. Kwa miaka thelathini aliezeka nyumba za watu, na yeye na mkewe wakilala chumba cha kupanga chenye paa bovu. Nyumba hii aliijenga bati moja baada ya nyingine kwa miaka minne. Bati ya mwisho aliigongelea kifua kikiwa kimeshambana, akashuka ngazi, akaingia kitandani, na mvua iliponyesha wakalala wote wawili wakiisikiliza. Baada ya wiki mbili akafariki.

"Kila msumari ulioko juu pale ameupiga yeye," akasema. "Sina picha yake hata moja. Nina hili paa. Niacheni nalo."

Bwana Machupa akasema serikali inathamini sana mchango wa misumari. Kisha akamweleza kwa furaha kwamba ametunukiwa heshima kubwa: Mtukufu Rais mwenyewe atakuja Jumamosi kutoboa Tundu la Mwisho, na yeye aandae chai.

Bwana Machupa alipotangulia kwenye gari, Bi Mwantumu alinishika mkono wa shati.

"Siku ile ulikuwepo," akasema. "Ulijua ni paa bovu tu. Mbona hukusema kweli, mwanangu?"

"Nina familia, mama."

"Na mimi nina paa," akasema, akaniachia.

Fomu sikuijaza siku ile. Niliikunja nikaitia mfukoni, nikamwambia Bwana Machupa kwamba kalamu imeisha wino.

*

Jumamosi mtaa ulijaa. Palikuwa na turubai kubwa la wageni, nalo limetobolewa kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo wageni walikaa chini ya turubai na kulowa kwa mpangilio wa itifaki, mabalozi kwanza. Bendi ilipiga wimbo wa taifa na tarumbeta zikawa zinatema maji. Keekee ya kutobolea ilikuwa juu ya mto wa hariri.

Mtukufu Rais alishuka garini amejifunga blanketi, amevaa kofia ya sufu, pua nyekundu. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye kwa miezi mitatu amelala akiwa amekumbatia mwavuli. Bwana Machupa akamwomba aingie ndani kwanza achague mahali tundu litakapotokea. Tukaingia watano: Rais, mlinzi wake, Bwana Machupa, Bi Mwantumu na mimi.

Mlango ulipofungwa, Rais alisimama katikati ya chumba akanyoosha kiganja, kwa mazoea. Akasubiri. Juu bati zilikuwa zinanguruma kwa mvua, na kiganjani hakikuanguka kitu. Akavua kofia. Akapapasa kichwa chake. Akakaa kwenye kiti cha Bi Mwantumu taratibu, kama anayeota na anaogopa kitamwamsha. Bi Mwantumu, ambaye hata kwa aliyekuja kumtobolea paa hakusahau ukarimu, akampa chai ya tangawizi.

"Haina kutu," akasema Rais.

Akanywa yote, akaegemea, akalala. Alikoroma saa nzima. Sisi tulisimama wima kumzunguka, na nje bendi ilirudia wimbo wa taifa mara kumi na moja.

Alipoamka alitazama bati za juu. Bwana Machupa akamsogezea keekee kwenye mto wake. "Mtukufu, taifa linasubiri."

Bi Mwantumu akasogea, akasimama kati ya keekee na kiti. "Mtukufu, naomba uniachie paa langu. Sina kingine."

Niliona wazi kwamba Rais hataki kutoboa. Nadhani alitaka kupewa mto na kurudi kulala. Lakini Rais wa nchi yetu hawezi kutoka nje akasema alikosea. Haijawahi kutokea, na hata fomu yake haipo.

"Mama," akasema kwa unyonge, "sheria inasema nyumba isiyovuja itobolewe."

Nikaingiza mkono mfukoni. Sikuwa nimepanga jambo lolote, naapa. Nilikunjua ile fomu juu ya paja, nikatoa kalamu, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza.

"Mtukufu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine, "nyumba hii inavuja."

Wote watano tukatazama juu. Palikuwa pakavu mpaka kwenye kona.

"Imeandikwa wapi?" akauliza Rais.

"Hapa, Mtukufu."

Akaisoma ile fomu ya swali moja kama anayesoma katiba. "Kweli imeandikwa," akasema. "Machupa, wewe unaonaje?"

Bwana Machupa akatazama bati, akatazama fomu, akatazama uso wa Rais. Nimemsema sana mtu huyu, lakini dakika ile nilimheshimu. Alifungua mwavuli wake.

"Inavuja vibaya sana, Mtukufu," akasema. "Sijui mama huyu anaishije."

Mlinzi akainua kola ya koti. Tatizo lilibaki kwa Bi Mwantumu, ambaye ni mkweli kupita kiasi. "Haivuji hata…" akaanza, nami nikamkanyaga mguu polepole.

"Inavuja, mama," nikamwambia. "Pole sana."

Alinitazama. Akaitazama keekee. Kisha akainama, akavuta beseni kutoka uvunguni, akaliweka katikati ya sakafu, na kumwomba Rais asogeze miguu asije akalowa.

*

Rais alitoka akalitangazia taifa kwamba nyumba ya mwisho imekutwa inavuja yenyewe, kwa uzalendo, kabla hata ya kutobolewa, na kwamba operesheni imekamilika kwa asilimia mia. Bi Mwantumu akatunukiwa Cheti cha Kuvuja, kilichosainiwa na Rais juu ya mgongo wangu. Mwenye cheti hakaguliwi tena maisha yake yote.

Yote ya mle ndani majirani waliyaona kupitia dirisha. Jumatatu asubuhi foleni ilianzia mezani kwangu na kuishia barabara ya pili. Kila mmoja alitaka cheti. Nilipiga mihuri mpaka kidole gumba kikavimba. Mtu akishapata cheti, alikwenda moja kwa moja kwa fundi bati. Wizarani tulijipa cheti chetu, tukaziba ghorofa ya saba. Ikulu walituma gari usiku wa… hapana, walituma mchana, ila dereva alifunika uso. Walitaka vyeti viwili, cha pili kwa ajili ya banda la kuku.

Siku hizi Jumamosi humwoni Bi Mwantumu nyumbani. Anapita mtaa kwa mtaa na fimbo, anawaonyesha mafundi gata iinamishwe kiasi gani na maji ya kwanza yamwagiwe wapi. Hajaitwa mtaalamu na mtu yeyote, kwa kuwa hana semina. Akirudi jioni anapanda ngazi kukagua misumari ya Shomari, anaihesabu yote, halafu anashuka akalale. Bwana Machupa naye yuko ng'ambo, amealikwa kuhutubia mataifa juu ya kuvuja.

Kwa takwimu za serikali, ambazo ninazitunza mimi, hakuna nchi inayovuja kama yetu duniani. Mvua inanyesha sasa hivi ninapoandika, kubwa kweli, na tangi letu la uani linajaa. Mama Tunu amesinzia kwenye kochi. Cheti chetu cha Kuvuja kiko ukutani juu ya kichwa chake, hakina kioo wala fremu, ni karatasi tu, na tangu nikibandike hakijapata hata doa la tone.